Kilicho Mfukoni

Jumamosi, saa nne. Nyuma ya kinu cha Mzee Mbwarali,
hapa Mishomoroni, tumepewa stoo kwa ujira wa kuifagia.
Unga hutujia kwa ufa wa mlango;
nikirudi nyumbani nywele zangu zina uzee wa uongo.
Biti hatununui. Kinu kinasaga:
du-du, ka. Du-du, ka.
Mkanda una kiraka, na kila kiraka kinapopita
ndipo *ka* inapolia.

Tsuma ndiye wa kwanza daima.
Kofia kisogoni, sauti kaitoa puani:
nina gari, nina dhahabu, nina walinzi mlangoni.
Nkamzuia. Gari lipi, mwanangu?
Si umekuja kwa miguu toka Mtopanga,
na kandambili zako zina matope ya jana?
Wenziwe wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.
Nami nlianza vivyo hivyo, nikiazima kifua cha watu
kwa vile changu nlikionea haya.

Nkawaambia: leo hakuna gari.
Kila mtu atoe kilicho mfukoni,
akiweke juu ya gunia,
akiseme mpaka kiishe.

Tsuma akatoa ufunguo.
Akaukodolea macho. Ile sauti ya puani ikamtoka,
ikabaki yake, nyembamba, ina makwaruzo.
Akasema ni wa nyumba ya Bombolulu waliyotolewa kwa deni,
mwenyewe alibadilisha kufuli usiku,
na mama alisema tupa, akaitikia, hakutupa.
Akayahesabu meno ya ufunguo, matatu na kibutu,
kila jino akalipa jina la mtu waliyelala chumba kimoja.
Vina havikuwapo.
Hakuna aliyeona vimepungua.

Ndoro akatoa chaki aliyoiiba darasani.
Swafiya, risiti ya dawa ya nyanyake,
akaisoma bei kwa bei, akikita mguu kila penye sifuri.

Nyevu akabaki ukutani.
Miezi mitatu Nyevu huja, hukaa, huenda zake.
Ukimwuliza jina huijibu kola ya shati lake.
Nkamtazama, nkajuta kumtazama.
Akasema, "Sina mfuko."
Nkasema basi, mwanangu, si lazima.
"Sikusema sitaki. Nimesema sina mfuko."
Na hapo stima zikapotea.

Mkanda ukalegea. Du... du...
Kisha kimya, kimya kile cha umeme uliokatika,
ambacho ndani yake wasikia jogoo, na mtoto,
na mtu nyumba ya tatu akilaani.
Nlitaka kusema tungoje. Kheri sikusema.
Alikuwa kishaanza kupiga paja kwa kiganja,
hata kile kiraka cha mkanda hakukisahau:

*Sina mfuko jamani, alonishonea sketi*
*alidhani masikini, cha kutia hakipati.*
*Nayabeba mdomoni, yamejaa, hayaketi,*
*fungueni madirisha, yatoke bila tiketi.*

Stoo haina dirisha hata moja.
Tsuma akainuka, akaenda kufungua mlango.

Nuru ikaingia na vumbi lake la unga.
Nyevu akalifumbia macho, lakini mkono haukukoma,
akaenda mbele, beti ambazo sikuzidaka zote,
nyengine zikakwama, akazirudia bila kuomba radhi.
Wazazi huniuliza: humo ndani wawafunza nini, uhuni?
Mizani sikumfunza, Mungu ashuhudia.
Nlimfunza gunia tu, na kungoja;
na kungoja kwenyewe nlikaribia kushindwa.

Jumamosi iliyofuata akaja na mfuko.
Kaushona mwenyewe, kipande cha leso kuukuu
juu ya kijani cha sare, mishono ina mwendo wa kaa.
Umetuna. Kuna kitu ndani.
Tsuma yuwauliza. Ndoro yuwauliza, yuwabembeleza.
Mimi simwulizi.
Kinu kishawashwa.