Chumvi Haina Kesi

Uvinza tunachemsha maji mpaka yawe meupe.
Baba alichemsha, mume wangu Ntabaye anachemsha,
magunia yamejipanga ukutani kama wakwe.
Kwa hiyo muuguzi aliponifunga kitambaa mkononi
na mshale ukagoma kushuka,
lawama ilijua pa kwenda.

Mia sitini na tano kwa mia na nane.
Mimba ya wiki kumi na moja,
haijajua hata kupiga teke.

Mama mkwe akamwaga chungu cha chumvi uani.
Nikala ugali na dagaa walioroweshwa mara tatu,
kama mtu anayetafuna gazeti.
Wiki ya kumi na tatu, mshale palepale.

Bi Zerida hakunigombeza.
Alichovya kijiti kwenye kikopo changu cha mkojo,
kikageuka kijani,
akakisoma kama barua ya mtu mwingine.
“Kifafa cha mimba hubisha hodi mwezi wa tano na kuendelea.
Huyu hakubisha. Huyu ni mwenyeji.
Utotoni uliwahi kuvimba?”

Niliwahi.
Darasa la tatu, baada ya koo kuuma,
niliamka macho hayafunguki,
mkojo rangi ya maji ya kutu.
Bibi akasema nyuki.
Siku kumi, uso ukarudi, nikarudi kuruka kamba.
Hakuna aliyeuliza uvimbe ulihamia wapi.

Figo hazina mdomo.
Miaka kumi na minane zimechuja na matundu yake,
zikinyamaza,
mpaka tukawa wawili wa kuchujiwa.
Ndipo zikapandisha mshale,
hiyo ndiyo sauti pekee waliyonayo wanyonge.

Alhamisi napanda treni kwenda hospitali ya mkoa,
na kadi, na vidonge vya kutwa mara tatu.
Bi Zerida hakuniahidi kitu.
Huenda mtoto akaja kabla ya siku zake,
mwepesi kama kuku wa sokoni.
Huenda.
“Chumvi punguza,” alisema, “ila usiifunge jela.”

Tangu siku ile Ntabaye hunawa kwa sabuni, mara mbili,
kabla hajanigusa tumbo.
Usiku wa kwanza nilimwacha.
Jana niliudaka mkono ukitoka kazini,
mipasuko yake ina weupe,
nikauweka nilipotaka.
Uliwasha kidogo.
Nikaushikilia hapohapo.