Inchi Moja ya Chini

Mimi nilijifunza kusoma juu chini,
herufi za risasi zimesimama kwa vichwa kiganjani mwangu
kama watoto watundu.
Coventry, ghorofa ya pili.
Chini yetu mtu akigonga spoki kutwa,
juu yetu njiwa.

Mama alifuma utepe wa hariri
hadi hariri ya Ufaransa ilipokuja kwa bei chee;
kitanda chake cha mfumi tukakichanja kuni.
Baba alitengeneza saa, na saa nazo zikahama.
Mji mzima ukageukia magurudumu
kama mgonjwa anayejigeuza kitandani
akitafuta ubavu usiouma.

Gazeti letu, peni moja, kila Ijumaa.
Nilipanga bei za taa na mafuta ya mnyororo,
tairi zilizoapa kuwa hazitoboki
(zilitoboka),
mashairi ya makarani kuhusu upepo,
barua ya kasisi wa Kenilworth
aliyeangushwa na bata bukini, akadai sheria itungwe.
Barabara zote za Warwickshire nilizijua kwa vidole
kabla ya kuzijua kwa miguu.
Nikipenga kamasi, leso ilitoka nyeusi.

Kisha Daktari Penhallow, ukurasa wa tatu:
mwanamke akipanda baiskeli, alisema,
taya hukakamaa, macho humtoka kama chura,
uso ule haurudi tena,
na mume hapatikani.
Safu nzima. Niliipanga neno kwa neno,
sikumruka hata nukta.
Taya langu lilikuwa limekakamaa, naam:
nilikuwa nimeuma kamba ya kufungia ukurasa.

Ikabaki inchi moja chini, tupu.
Bwana Jephcott alikuwa na kikohozi
na treni ya saa kumi na mbili na robo.
"Jaza chochote, Keziah. Tangaza sabuni."

Sikutangaza sabuni.

*Unauzwa: mkaja wa mifupa ya nyangumi.
Mwenyewe amechoka kuhema kwa robo pafu.
Atabadilishana na kiti cha baiskeli,
hata kilichochanika.
Mwandikie K., kupitia gazeti hili.*

Siku tatu tonge halikushuka.
Jumatatu barua mbili. Jumanne kumi na moja.
Alhamisi tarishi alileta gunia,
akalitua mezani,
akauliza kama tumefiwa.

Mke wa mwoka mikate wa Nuneaton: kiti ninacho,
mkaja sina haja nao, kichukue tu.
Mwalimu wa Leamington alitaka kujua
sketi inafungwaje isinaswe na mnyororo.
Dada wawili wa Bedworth, kalamu moja,
mwandiko ukibadilika katikati ya sentensi.
Na mmoja asiyetia jina:
*Nimejifunza usiku, uani, kwa baiskeli ya kaka yangu.
Nimevunja jino. Sijutii.*

Bwana Jephcott alizisoma zote akiwa wima,
kofia kichwani.
Mimi nilikwisha vua aproni.
Akakohoa.
"Wiki ijayo," akasema, "inchi mbili."
Mshahara hakugusa.

Kiti kilifika kimefungwa kwa karatasi ya mikate,
kinanuka hamira.
Baiskeli ya kukiwekea sikuwa nayo.
Ilinichukua miezi kumi na minne:
gurudumu la mbele kwa yule mgonga spoki,
la nyuma kwa mjane wake,
usukani uliopinda, nikauacha umepinda,
kengele, hapana, kengele nilipiga kwa mdomo.

Jumamosi moja ya Mei, baada ya kazi,
nikateremka Kenilworth, breki zikilia kuliko mimi.
Kwenye kioo cha bucha,
kati ya sungura wawili walioning'inizwa,
nikauona uso wangu ukipita:
taya limekakamaa, macho yamenitoka.

Daktari alisema kweli.
Na kasisi pia:
bata bukini wapo.