Kura ya Kumi na Moja

Tulikuwa kumi na mmoja na jiko moja la mafuta ya taa.
Nje, Otaru ilikuwa imefukiwa na theluji hadi madirishani.
Viatu vyetu vilipangwa mlangoni, ncha zikielekea njia ya kutokea,
kana kwamba miguu ilikwisha kupiga kura.

Shauri lenyewe: Chizuru,
binti wa mchonga madhabahu za Kibuda,
mwaka wa nne sasa anatupigia kinanda cha kukanyaga
na hajabatizwa, wala hajaomba.

Mzee Kuwabara alifungua Biblia, hakuisoma.
"Ibada si tamasha," alisema. "Anayetangulia mbele
awe anajua anakokwenda."
Bibi Nomiyama, anayesikia kwa sikio moja, akajibu
kwamba fundi aliyeziba paa hakuulizwa imani yake,
na paa halivuji.
"Paa haliongozi sifa," alisema Kuwabara.
"Halijakuangukia ukisali," akasema bibi. "Hiyo nayo ni sifa."
Tulicheka. Kisha tukakumbuka kwamba hatukupaswa kucheka.

Mimi, mweka hazina, nilinyamaza.
Nilikwisha kumwuliza, mwezi wa Novemba,
tulipokuwa tukifunga kamba ya kanyagio iliyokatika:
Unapiga nyimbo zetu zote. Mbona huimbi?
Alikaza fundo kwa meno kwanza.
"Vidole haviahidi kitu," alisema.
"Kinywa kinaahidi. Sitaki kumdanganya
mtu ambaye sina hakika kama yupo."

Tangu siku ile nilimtazama.
Sahani ya mkate ilipomfikia aliipokea kwa mikono miwili,
akainamisha kichwa, kama anayepakatishwa mtoto wa mwenzake,
akaipitisha.
Wakati wa sala hakufumba macho.
Alitazama theluji ikishuka,
na nilimwona akitazama
kwa sababu nami sikuwa nimefumba.

Miaka tisa, tangu Shigeki wangu alipozama,
nimesoma maombi ya kanisa kwa sauti safi
kama mtangazaji wa treni anayetaja vituo
asivyoshuka.
Nimemeza mkate wa kila mwezi.
Nimeweka amina mahali pa amina.
Hakuna aliyeniitia kikao.
Tulikuwa tukimsaka asiyeamini kwenye kinanda,
na kikulacho ki nguoni mwako.

Karatasi zikagawiwa, zikakunjwa, zikarudi.
Sita kwa tano.
Mimi ndiye niliyezihesabu; mwandiko wangu naujua.
Niliandika: aondoke.
Usiniulize kama ni imani iliyoshika kalamu.
Nadhani ulikuwa wivu.

Nilimpelekea habari mwenyewe.
Alikuwa karakanani kwa baba yake, akifagia maranda,
nyuma yake milango midogo ya madhabahu ikingoja bawaba.
Aliinama. Akauliza kama tunajua
kwamba panya huingilia tundu la kanyagio la kushoto,
kwamba pazibwe kwa kitambaa cha sufu, si cha pamba,
pamba huitafuna.
Hakuuliza ni nani.

Jumapili tuliimba bila kinanda.
Kuwabara alianza juu mno; kufikia ubeti wa pili
tulikuwa chini, kama watu wanaotafuta kifungo sakafuni.
Alikuja. Sikutarajia.
Aliketi benchi la nyuma, karibu na viatu,
mikono juu ya magoti, na vidole vyake,
niliviona nilipogeuka,
vilikuwa vikitusahihisha kimya kimya.

Kisha sahani ya mkate ikanifikia.
Niliipokea kwa mikono miwili.
Bibi Nomiyama alikwisha kunyoosha mkono wake.
Nikainamisha kichwa,
nikaipitisha.