Chumba Namba Kumi na Nne

Tumelipia saa mbili, watu saba,
vinywaji unajimiminia mwenyewe pale koridoni.
Kishikwambi kinapita mkono kwa mkono
kama kichanga nyumbani kwa mzazi:
kila mmoja anakipakata, anakitazama usoni,
anampa wa pili.

Bosi Kuwahara ana wimbo wake. Mmoja.
Kiwandani hakuna aliyeibandika sheria hiyo ukutani
karibu na ile ya glavu na miwani,
lakini thubutu uuguse.
Mizuno wa idara ya rangi aliuchagua mwaka juzi, kwa kutojua,
na hadi leo akipita na ndoo zake
wanamwimbia kiitikio.

Kwa hiyo unapiga hesabu.
Usichague mrefu, watu watatoa simu.
Usichague wa majonzi kabla bia ya pili haijashuka.
Wa watoto wa shule usiuguse, una miaka arobaini na mitatu.
Usiwe wa kwanza.
Wala usikatae mara tatu.

Na mimi, Ivone Higa,
mzaliwa wa Londrina, Brazili, mjukuu wa watu wa huku,
uso wangu unasoma Kijapani kuliko macho yangu.
Hamamatsu nzima wakiniona wanadhani najua.
Majina ya nyimbo yamejipanga kwenye kioo
kama nyumba zilizofungwa madirisha;
nabisha hodi kwa herufi nyepesi,
zile za darasa la kwanza,
na ndani wapo, nawasikia, hawafungui.

Ninaoutaka sijui unaitwaje.
Bibi aliuimba akipiga pasi mashati ya watu,
mvuke ukipanda, kola baada ya kola,
na alipofika kwenye vifungo alinyamaza
kisha akauanza pale alipoachia.
Nimebaki na mstari mmoja, wa katikati,
kama aliyeshika mkia wa ng'ombe gizani:
*jikoni taa inawaka, usigeuke nyuma.*

Naandika: jikoni.
Mashine inaniletea wimbo wa chekechea kuhusu viazi.

Basi nikauimba kwa pua, mdomo umefungwa,
nikimwelekea mzee Tsuneyoshi, mlinzi wa zamu ya usiku,
ambaye huja kila mwisho wa mwaka na haimbi,
anakula maharage ya kijani
na kuyapanga maganda pembezoni mwa sahani.
Akaacha kutafuna.
"Huo wa zamani," akasema. "Huo wa bandari."
Bandari gani?
"*Bandarini* taa inawaka. Hamna jiko humo."

Kidole chake kikaandika bila miwani.
Akaupandisha ngazi tatu, maana ni wa kiume,
akanisogezea kipaza sauti kwa kiganja
kama anayerudisha chenji.

Maneno yakaja meupe, yakageuka samawati
silabi kwa silabi, yakinisubiri.
Likafika neno *bandari*, likawaka mbele yangu,
na kinywa changu, bila kuniuliza, kikasema *jikoni*.
Ubeti wa pili, *jikoni*.
Wa tatu nilijua linakuja, nikajikaza,
*jikoni*.

Labda Bibi alisikia vibaya, redio ilikuwa ya jirani.
Labda bandari aliijua moja tu, akiwa na miaka tisa,
na hakutaka kuipigia pasi kila siku.
Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nahesabu hanga.

Themanini na nane! Skrini ikamwaga nyota.
Bosi Kuwahara, mwenye themanini na tatu, akapiga makofi
kwa adabu ya mtu aliyetonywa na jino.
"Inapima sauti tu," Mizuno akaniambia sikioni,
"ulipopanda, uliposhuka, ulipotetema.
Maneno haiyasikii."

Simu ya ukutani ikalia: zimebaki dakika kumi.
Foleni ina nyimbo tano, na wa bosi haujafika.
Naona mbele ya zote imesimama namba ile ile,
sikuiweka mimi.
Mzee Tsuneyoshi amejifuta vidole vyenye chumvi
na ameshika kipaza sauti cha pili.
Bado hajakiwasha.
"La jiko," anasema, haniangalii, "linaingilia wapi?"