Herufi Iliyopungua

Kilifika kila Machi, kimechelewa,
kitabu chembamba cha jalada la kijani,
na stempu yenye ng'ombe aliyevikwa maua.
Mwaka mzima wa nchi ya Bruda Albani,
nchi ndogo, jina lake refu kuliko mto wake.
Ukiidondosha Newala, alisema,
wanawake wa ndoo wataipita wakienda kuteka
wala hawatauliza imeangushwa na nani.

Mtoto wa jicho alishamlalia macho yote mawili.
Mimi, binti wa Silvani Chitanda mpanga herufi,
nikawa namsomea lugha nisiyoijua,
natamka tu, kama mtu ahesabuye kokoto mfukoni,
naye ananirudishia kwa Kiswahili cha Ndanda
chenye vumbi na kikohozi.

Januari: theluji imebomoa paa la soko la jibini.
Hakufa mtu. Paka wawili.

Machi: wanaume wamepiga kura
kuamua kama wanawake nao wapige kura.
Wamekataa.
Bruda akanyamaza. Mimi nikacheka
hadi Sista Ludgera akachungulia dirishani.
Mama yangu alishapiga mara tatu,
mara moja vidole vikiwa bado na unga wa muhogo.

Mei: kengele kuu imepasuka.
Julai: mtawala kaoza binti, mkate bure siku tatu.
Septemba: timu yao imefungwa tisa kwa moja;
aliyefunga lile moja kapewa saa ya ukutani.

Novemba: askari wa nchi jirani walipotea kwenye mvua,
wakavuka mpaka bila kujua,
wakapewa supu, wakaonyeshwa njia.

Nikarudia mstari ule. Wamepewa nini?
Supu, akasema. Ya viazi, nadhani.

Mwaka ule ule ndege zilivuka Ruvuma
na hazikuwa zimepotea.

Usiku nikachukua stakabadhi ya korosho ya baba,
nikaigeuza mgongo, nikaandika wa kwetu.
Juni: wageni kumi na mmoja toka ng'ambo ya mto,
wanalala kwa mjomba, mmoja hasemi.
Agosti: tumehamishiwa kijiji kipya.
Lori lilibeba vitanda, kinu, kuku, na bibi
aliyeng'ang'ania kubeba mlango.
Mikorosho kumi na minne haikupanda lori.
Oktoba: korosho zimeanguka kule, hakuna wa kuokota.
Nyani wamelewa mabibo.
Desemba: mlango wa bibi bado umeegemezwa ukutani,
nyumba mpya ina uwazi mdogo kuliko ule.

Nikamsomea Bruda. Akaomba nirudie.
Nilidhani atasema neno la dini,
lakini aliuliza: ile mikorosho, ilikuwa na majina?
Mmoja tu, nikamjibu. Tuliuita Shemeji,
ulikuwa kwetu lakini matawi yote kwa jirani.
Akacheka mpaka akashika mbavu,
kisha akalia, nikajifanya nafunga kitabu.

Alikufa Aprili, mvua zikiaga.
Wakamzika na viatu vyake vya kazi,
wino wa mtambo haujatoka kwenye kisigino.

Machi iliyofuata kitabu kikaja vile vile,
kamba ile ile, ng'ombe mwingine.
Hakukuwa na wa kunirudishia maneno.
Nikapita na kidole, mwezi kwa mwezi,
nikiokota ninayoyafahamu: theluji, ndoa, kura
(matokeo sikuyaelewa, namba zilikaribiana).

Aprili, chini kabisa ya ukurasa,
katikati ya mafuriko ya kijito na mashindano ya filimbi,
jina lake. Mwaka wa kuzaliwa. Msalaba mdogo.
Kisha neno moja nililolijua bila mwalimu:
*Ndada*.

Kwa hiyo tumo.
Kati ya mambo makubwa ya nchi ndogo
tumo, sisi na kisima chetu na mtambo wetu,
tumeingia kwa mlango wa marehemu
na herufi moja imebaki nje.

Baba hakuwahi kuacha kosa lilale usiku.
Nikatafuta wembe, nikachonga penseli.