Jicho la Kushoto

Jumamosi anakuja Mnorwe na trela lake.
Amesema kwenye simu: elfu kumi na nane, taslimu,
wala hahitaji kufungua boneti.
Leo ni Alhamisi. Nimevua turubai.
Vumbi likainuka, likanitazama, likakaa tena.

Rangi bado ni ya chungwa. Hilo ndilo la kuudhi.
Bodi ya faiba haijui kuoza:
miaka ishirini na sita ghalani, kati ya viazi na jembe la theluji,
na ngozi yake ingali ile ya siku kaka yangu Torkel
alipoliingiza uani akipiga honi,
mama akatoka na unga mikononi
akauliza, na mtu wa tatu atakaa wapi?

Nimelala chali juu ya kadibodi, tochi mdomoni,
nikaigonga chasi kwa bisibisi.
Ngo. Ngo. Ngo. Kisha kimya,
na bisibisi ikazama hadi mpinini.
Chumvi ya barabara za Värmland, haba na haba,
imejaza kibaba chake.
Uso wa harusi, mifupa ya biskuti.
Nami nina miaka sitini na mmoja na goti hili la kulia;
basi nisilisengenye gari peke yake.

Hesabu nimeiandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
fundi wa kuchomelea, siku kumi na mbili.
Breki zote. Tangi. Kabureta.
Nyaya zilizotafunwa na panya
(amejenga ndani ya kichujio cha hewa,
akatandika sufi ya kiti cha Torkel;
mwenzetu alijua kuchagua).
Jumla yake inanunua gari jipya lenye viti vya joto,
au paa la nyumba, ambalo linavuja.
Sikuipigia mstari. Niligeuza bahasha.

Ahadi ni deni, haya.
Lakini mimi sikuahidi. Ni yeye aliyesema
majira ya kuchipua, Gunvor, tukimaliza giaboksi,
na majira yakachipua, yakachipua tena,
akahamia Malmö, akahamia kwa yule mwanamke,
kisha ini likamhama yeye.
Tulimzika Novemba, ardhi ngumu
hata mashine ya kuchimba ikakohoa.
Deni la marehemu hulipwa na warithi, najua.
Na ndoto yake je, hiyo nayo hurithiwa?
Nani aliwahi kuniuliza kama naipenda rangi ya chungwa?

(Naipenda. Sikumwambia.)

Mchana nimeingia ndani. Mlango wa dereva umegoma,
nikapitia upande wa abiria, upande wangu.
Petroli iliyochacha, panya, tumbaku kwa mbali.
Mkono ukakumbuka kabla yangu:
ule wenzo chini ya dashibodi,
maana taa za gari hili haziamshwi na umeme,
unazivuta kama mtu anayeng'oa karoti.
Ndiyo ilikuwa kazi yangu usiku,
yeye usukani, mimi mwanga.

Nikavuta.
Jicho la kulia likafumbuka.
La kushoto likatetemeka, likakataa.
Na hapo likabaki, linanikonyeza,
zee la chungwa lisilo na mifupa,
nami nikacheka peke yangu ghalani
mpaka jirani Ebbe akasimamisha mbwa wake barabarani.

Mnorwe nimempigia. Nimemwambia asije Jumamosi.
Akauliza, basi nije lini?
Nikasema sijui, na kweli sijui.
Paa linavuja. Hesabu haijapungua hata krona moja.
Sijaamua kitu.
Nimeagiza springi moja tu,
ndogo kama kidole cha mtoto,
ya jicho la kushoto.
Na turubai sijalirudisha.