Hati ya Mtegemezi

Kibanda changu kinatazama geti la Uhamiaji, Kurasini,
kati ya muuza mihogo na fundi simu.
Picha za pasipoti, kopi, kulaminisha,
kuwajazia fomu wasioelewa fomu,
ambao, ukichunguza, ni sisi sote.

Natundika kitambaa cha buluu, nawaambia: kidevu juu, usicheke.
Serikali haitaki meno.

Nawajua kwa herufi zao kabla ya majina.
Daraja A ana mtaji, na kijana wa kumbebea bahasha.
Daraja B ana barua ya mwajiri, na hofu ya mwajiri.
Daraja C alikuwa yule mama wa Norwei
aliyestaafu ualimu, akapanga chumba Kigamboni,
akaniuliza kwa Kiswahili cha kamusi:
hapa kwenye Sababu ya Kukaa, mistari ni miwili tu?
Miwili tu, mama.
Akaandika: *Nimezoea.*
Akarudishiwa.
Nikamwandikia mimi: *Mapumziko ya uzeeni, kwa gharama zake mwenyewe.*
Ikapita.

Yupo na Mkongo mshonaji, shati lanuka pasi ya mkaa,
mwaka wa tisa huu kila sentensi anaianza na "nikipata".
Nikipata, nitaleta watoto. Nikipata, nitanunua cherehani ya umeme.
Na kupata kwenyewe ni miaka miwili;
wa pili unauanza ukitafuta tena kupata.

Sikumcheka. Nyumbani nilikuwa na wangu.

Anrifi alitoka Ngazija na cheti cha ufundi wa majokofu.
Tukaoana Temeke, masika yakivuja kwenye turubai.
Sheria ikamtafutia jina: mtegemezi.
Mtegemezi wangu!
Yeye aliyelipa kodi ya nyumba,
aliyemwezekea mama yangu banda Mbagala,
yeye ambaye bucha za Tandika, jokofu likikohoa tu,
zilimtafuta hata usiku wa sikukuu.

Kila miaka miwili nilimpiga picha mwenyewe.
Ninazo zote, kumi na tatu, kwenye kopo la maziwa ya unga.
Ukizipanga mezani unaona mvi zikiingia kutoka kushoto
kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.
Shati ni lilelile katika nne.
Hacheki. Ila ile ya saba, niliponasa mguu kwenye kigoda,
mdomo umejizuia, macho yameshindwa.
Walipokea hivyohivyo.

Omba uraia, nikamwambia.
Mama angali hai, akasema, nikiukana wa kwetu atasikia.
Mama yake akaishi miaka tisini na sita.
Simlaumu.

Januari, moyo ulimsimama akiwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi.
Kibali kilikuwa na miezi kumi na moja mbele yake.
Karatasi ikamzidi umri.

Nikavuka barabara kuirudisha,
mara ya kwanza mimi nikiwa kwenye foleni.
Karani kijana, Nsajigwa, ndivyo kibandiko kifuani kilivyosema,
akanipa fomu ambayo wengine nimewajazia huku nikila mihogo.
Kisanduku cha mwisho:
*Mhusika ameondoka nchini? Ndiyo. Hapana.*

Wino ulikuwepo. Kalamu haikushuka.
Yuko Kisutu, safu ya nyuma, karibu na ukuta,
upande unaopata kivuli asubuhi.

Nikatia alama: Hapana.

Nsajigwa akasoma, akanitazama, akasoma tena.
Hakusahihisha. Akaniuliza taratibu
kama ninayo picha ya marehemu, moja tu, ya jalada.
Nikamjibu nitaleta.

Kopo liko hapa, chini ya meza. Geti liko pale, hatua arobaini.
Huu mwezi wa tatu.
Mteja ameingia, anajifuta jasho, anakaa kwenye kigoda.
Namwambia: kidevu juu.